Mama Cheche asuka upya waya za pikipiki ya baba yake isitundikwe ukutani

Saa mbili asubuhi, Mama Cheche amelala chali juu ya gunia. Kichwa kiko chini ya tangi la pikipiki, miguu imetokeza nje ya mlango wa karakana. Anayepita barabarani anaiona miguu kwanza: soksi za kijivu na viatu vya kiume vilivyokanyagwa visigino. Mkononi ameshika uzi mnene, ule wa kushonea viatu, alioupitisha kwenye kipande cha nta.

"Geuza usukani kulia," anasema kutoka huko chini. "Mpaka mwisho. Haya, kushoto. Usiuonee huruma, si wako."

"Nusu yake ni yangu," anajibu kaka yake, fundi injini, ambaye ndiye mwenye kugeuza.

"Nusu ipi? Ile yenye kutu?"

"Ile itakayouzwa Jumamosi."

 Sauti kutoka chini ya tangi inaagiza usukani ugeuzwe tena.

Uzi ule haufungi kitu bado. Ni wa kutafutia njia tu. Mama Cheche anautandaza kuanzia kwenye kibakuli cha taa ya mbele, unapita shingoni mwa pikipiki, chini ya tangi, ubavuni mwa kisanduku cha betri, hadi taa ya nyuma. Usukani ukigeuka uzi unavutika. Anaulegeza, anapiga fundo dogo, anataka ugeuzwe mara nyingine. Akisharidhika ndipo anapoutoa, anaunyoosha juu ya meza na kukata waya kwa urefu wake.

"Wanaoanza kazi wanapima usukani ukiwa umenyooka," anasema, sasa amekaa, anajipangusa vumbi shingoni. "Pikipiki inatoka hapa inawaka kama ukumbi wa harusi. Inafika kona ya kwanza, waya unachomoka, giza."

Pikipiki anayoishughulikia wiki hii ni ya baba yao. Ni ya zamani kuliko Mama Cheche mwenyewe, na yeye ana wajukuu wawili. Tangi lake ni la mviringo kama kibuyu, tandiko lina springi mbili nene chini yake, na taa ya mbele ni kubwa kama sahani ya kulia. Mwenye mgahawa mmoja wa mjini anaitaka. Hataki kuiendesha. Anataka kuitundika ukutani, juu ya kaunta, wateja waitazame wakila.

Ameshafika karakana na futi ya kupimia. Alipima urefu, akapima usukani, akauliza kama itadhuru kitu akitoa mafuta yote na kuining'iniza kwenye ndoano.

"Alivyokuwa anaipima, nilidhani anachonga jeneza," anasema Mama Cheche.

Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema taa ya pikipiki yake imekufa nguvu, na jioni haimfikishi nyumbani tena. Akatoa sharti mbele ya watoto wake wote wawili: Jumamosi, giza likianza kuingia, atatoka nayo karakana mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Taa ikimwonyesha njia, pikipiki inabaki. Isipomwonyesha, mwenye mgahawa apakie.

"Kama haiwezi kunirudisha nyumbani, heri ikatazamwe na watu wanaokula," alisema.

Mama Cheche akaomba wiki moja.

Mzee alikuwa msoma mita za maji. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kufunua kifuniko cha bati, kupiga magoti na kusoma namba. Pikipiki aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Alikwenda nayo kazini mpaka siku ya kustaafu, na baada ya hapo akaendelea kuzunguka nayo mitaa ile ile, bila mita, akisalimia.

Binti yake alimaliza darasa la saba na hakuendelea. Jioni baba akirudi na hitilafu, ilikuwa lazima mtu ashike tochi. Kaka mtu alikuwa akitoroka kwenda kucheza mpira, kwa hiyo tochi ikamwangukia yeye.

"Nilianza kwa kushika tochi," anasema. "Mwenye kushika tochi anaona kila kitu, kwa sababu akitazama pembeni anapigiwa kelele."

Jina la Mama Cheche lilikuja baadaye, kaka yake alipofungua karakana na kumpa meza pembeni. Siku ya kwanza alisahau spana juu ya betri ya mteja, ikagusa vichwa vyote viwili, cheche zikaruka. Mteja alikimbia na kofia ya pikipiki kichwani, na tangu hapo mtaa mzima haukumwita kitu kingine. Hata barua za shule za wanawe zilikuwa zikiandikwa hivyo.

Meza hiyo imelea watoto wawili. Mmoja sasa ni dereva, mwingine anasomea uuguzi. Lakini miaka ya karibuni kazi imepungua. Palipokuwa na pikipiki nne au tano kwa siku, sasa zikija mbili ni siku njema. Waya za pikipiki mpya zinauzwa dukani zikiwa zimeshafungwa, ndani ya mfuko wa plastiki, na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuchomeka. Wiki nyingine anabadilisha balbu na kukwangua kutu kwenye honi, basi.

Pikipiki ya Mzee haina waya wa dukani. Yaliyokuwemo ndani yake aliyaweka Mzee mwenyewe, mwaka huu kipande hiki, mwaka ule kile, chochote kilichokuwa karibu. Siku ya kufumua, Mama Cheche aliyapanga mezani kama mwanamke anayechambua mchele. Kulikuwa na waya wa pasi uliovikwa kitambaa. Kulikuwa na waya wa spika ya redio, na mwingine mwembamba mwekundu ambao hakuna aliyeweza kusema ulitoka wapi. Maungio yalifungwa kwa plasta ya kidonda, ambayo ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda.

"Wifi, ukizidi kuifumua hiyo pikipiki itabaki jina," mke wa kaka yake alimwambia kutoka kaunta ya vipuri, ambako ndiko anakouzia.

"Na wewe ukizidi kukaa hapo utabaki mdomo."

Palipotakiwa kuwa na fyuzi palikuwa na pini ya nywele. Mama Cheche aliigeuza geuza kwenye mwanga. Ilikuwa ya mama yao, ambaye hayupo tena.

"Mama aliitafuta hii pini wiki nzima," alisema. "Alimsingizia jirani."

Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, alitazama barabarani. "Ilinifikisha kazini," alisema.

Kaka yake ana sababu zake za kutaka pikipiki iuzwe, na si fedha. Anazieleza akiwa amechuchumaa mbele ya injini nyingine, mikono imejaa grisi.

"Mwezi uliopita alirudi goti limechubuka. Nikamuuliza, akasema mbuzi alimkatiza. Mbuzi gani? Mtaa huu una mbuzi?" Anafuta mikono kwenye suruali. "Dada yangu anataka pikipiki iwake. Mimi nataka baba alale nyumbani akiwa mzima. Ikikaa ukutani, haimwangushi mtu."

"Ukutani itakaa imezima," anajibu dada yake kutoka mezani, bila kugeuka.

"Ndiyo maana yake, mdogo wangu."

Kazi yenyewe ni ya kwenda taratibu. Taa za zamani zilitumia betri ya volti sita, na mwanga wake, anavyoeleza, ulikuwa wa kumtafutia mtu kiatu chini ya kitanda. Mama Cheche anaipandisha hadi volti kumi na mbili. Dainamo, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, inabaki ile ile. Ina nguvu kuliko ilivyokuwa ikiruhusiwa kutoa. Kinachobadilika ni regulata, kidude kinachoiamuru itoe kiasi gani. Ya zamani ilikuwa kubwa kama tofali dogo. Mpya inaingia kwenye kiganja.

Lakini kuna jambo moja ambalo lilimchukua asubuhi nzima kulifikiria.

Pikipiki za leo, waya mweusi wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu, na chuma chote kinakuwa njia ya kurudishia umeme. Hii ya Mzee ilitoka kiwandani kinyume chake. Waya mwekundu ndio uliofungwa kwenye chuma. Miaka yote Mzee alibadilisha betri mwenyewe, na mkono wake ukazoea hivyo: mwekundu kwenye chuma. Regulata na balbu zinazopatikana dukani siku hizi hazitaki hivyo. Zinataka mweusi. Kwa hiyo Mama Cheche alilazimika kuigeuza pikipiki nzima.

Kugeuza betri ni rahisi, unabadilishanisha waya. Dainamo ndiyo yenye ukaidi. Ndani yake kuna chuma kinachoshika kumbukumbu ya mara ya mwisho umeme ulipita upande gani, na ikizunguka inatoa umeme upande huo huo. Ili kuigeuza, unafungua waya zake, unachukua waya mwingine kutoka kwenye betri na kuugusisha kwenye dainamo mara moja tu. Cheche inaruka, ta! Tayari, imeshika upande mpya. Mzee alikuwa akifanya hivyo kila dainamo ikilala kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Anaita kuikuna.

Ijumaa alasiri, waya mpya zote ziko mahali pake. Zimefungwa pamoja kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, kwa umbali wa vidole viwili. Zina rangi zake, na kuna fyuzi tatu za kweli. Mama Cheche anawasha. Taa ya mbele inapiga ukuta wa karakana, na kalenda iliyotundikwa hapo inasomeka mpaka maandishi madogo. Honi inalia. Taa ya breki inawaka na kuzima anapokanyaga.

"Haya, wifi?" anaita.

"Nimepofuka, izime!"

Anazima. Anafungua waya za betri zote mbili, kama afanyavyo kwa kazi ambayo haijakabidhiwa. Anaandika kwenye kipande cha kadi MWEUSI KWENYE CHUMA, anakifunga kwenye kisanduku cha betri, anafunika pikipiki kwa shuka kuukuu. Wanafunga mlango.

Ufunguo wa pili anao Mzee, maana kiwanja ni chake.

Asubuhi ya Jumamosi walimkuta ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, amenyoosha miguu, amevaa koti. Shuka lilikuwa limefunika pikipiki vizuri, vizuri kuliko lilivyoachwa. Akawaitikia salamu. Akauliza habari za wajukuu, mmoja mmoja.

Mama Cheche alipowasha, hakukuwaka kitu.

Alijaribu mara ya pili, kisha akafungua kisanduku cha betri. Waya ulikuwa umefungwa, nati zimekazwa sawasawa. Mwekundu kwenye chuma. Fyuzi kubwa ilikuwa imeungua, kioo chake kimekuwa cheusi.

"Baba, nani ameshika betri?"

"Nani angeshika?"

"Ndiyo nauliza."

"Labda panya."

"Panya anayejua kukaza nati?"

Kaka yake aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yakicheka.

"Nilitaka kusikia honi," alisema Mzee hatimaye. "Mtu hawezi kusikia honi ya pikipiki yake?"

 Mama Cheche alibadilishanisha waya za betri, akaweka fyuzi nyingine, akawasha. Taa ikawaka kama jana yake. Kaka yake alipiga makofi mara moja. "Imekwisha hiyo. Chai."

Yeye hakwenda kwenye chai. Alifungua waya mbili za dainamo, akashika pini za kipimio chake cha umeme hapo, akamwambia kaka yake apige kiki. Injini iliitikia, kwa sababu cheche ya plagi ya pikipiki hii inatoka kwenye sumaku yake ya pembeni na haiitegemei betri. Mama Cheche alitazama kipimio. Alikitikisa, akakitazama tena. Namba ilikuwa sahihi, lakini mbele yake kulikuwa na alama ya kutoa.

Dainamo ilikuwa inatoa umeme kinyume. Angeiunganisha na regulata mpya vile vile, betri isingepata chaji, na pengine regulata ingeungua, nayo iliagizwa duka la mbali. Taa ingewaka kwa akiba ya betri, ikafifia, ikafa katikati ya mtaa, mwenye mgahawa akiwa amesimama anaangalia.

Akafanya ishara injini izimwe.

"Baba. Uliikuna?"

Mzee alikuwa akikunja na kukunjua mkono wa koti.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mbili."

"Mara mbili!"

"Ya kwanza haikuitikia."

Ndipo mambo yote yakajulikana. Mzee alifunga betri kama alivyozoea. Fyuzi ikaungua papo hapo, kama ilivyowekwa ifanye. Alipoona hakuna kinachowaka, akasema moyoni dainamo imelala. Akafungua waya zake, akaikuna kwa betri iliyofungwa kinyume, akairudishia waya kwa uangalifu, akaifunika. Kila hatua aliyoichukua ilikuwa sahihi, kwa pikipiki aliyoijua yeye.

"Asiyejua asingeiharibu namna hii," anasema Mama Cheche. "Asiyejua angefunga betri vibaya, fyuzi ikaungua, akaondoka zake. Baba anajua hatua inayofuata. Hapo ndipo penye shida."

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko maelezo. Waya kutoka kwenye betri, ukagusishwa mara moja. Ta! Mzee alishtuka kidogo kitini. Kiki tena, kipimio tena, na safari hii namba ilisimama peke yake bila alama. Mama Cheche aliunganisha regulata na kusikiliza injini kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kabla ya kuizima na kufunika pikipiki.

"Sasa chai," alisema. "Na ufunguo, baba. Nipe tu, mpaka jioni."

Mwenye mgahawa alifika jua likiwa linazama, kwenye gari lenye bodi wazi, amebeba mablanketi mawili ya kuifungia pikipiki isichubuke. Ni mtu mpole. Alimsalimia Mzee kwa mikono miwili, akakubali kiti, akakubali chai. Futi ya kupimia ilikuwa imetokeza kwenye mfuko wa shati lake.

Mtaa wenyewe si mrefu. Kuna duka la vipuri, kinyozi, mshona viti vya magari, nyumba kadhaa za kupanga zenye madirisha ya nondo, na mwishoni kabisa ukuta mrefu wa mfanyabiashara wa mbao. Taa za barabarani ziko, lakini upande huo haziwaki. Giza lilipoanza kushika, Mzee aliinuka, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Hakutaka kusaidiwa kupanda.

"Taratibu, baba," alisema mwanawe wa kiume.

"Niliendesha hii wewe ukiwa bado unanyonya."

Akapiga kiki. Akawasha taa.

Mwanga ulitoka mweupe, mpana, ukalala barabarani hadi mwisho wa mtaa. Ukuta wa mfanyabiashara wa mbao ukaonekana wote, hadi tangazo lililobandikwa pale na jina la anayetafuta mpangaji. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi. Wifi mtu alipiga kigelegele, akakikatisha mwenyewe katikati, kwa kuwa Mzee alikuwa ameshaondoka.

Mama Cheche alisimama mikono nyuma. Hakutazama taa. Alikuwa anasikiliza.

Pikipiki ilikwenda taratibu, imenyooka, mpaka karibu na nusu ya mtaa. Pale taa ya nyuma ikawaka nyekundu kali. Mzee amekanyaga breki. Ikabaki nyekundu kwa muda mrefu. Kisha mwanga wa mbele ukageuka, ukapita juu ya milango na madirisha, ukaanza kurudi. Ulirudi polepole mno, ukiyumba kushoto na kulia, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

"Imekufa," alisema kaka yake kwa sauti ya chini.

"Haijafa. Injini hiyo hapo."

Alikuwa sahihi. Mzee alikuwa ameshuka na anaisukuma, huku inaunguruma na taa inawaka vile vile. Alipowafikia alizima injini, akaiegesha kwa stendi yake, akahakikisha imesimama sawa. Kisha akabaki ameshika usukani.

"Imegoma wapi, baba?" Mama Cheche aliuliza.

"Haijagoma."

"Sasa?"

"Taa inaona, mama. Taa inaona kabisa." Mzee alipitisha kiganja juu ya kioo cha taa, kama anayefuta vumbi. "Mimi ndiye sioni. Nimeona weupe tu. Weupe mwingi, mzuri. Barabara sikuiona."

 Kinyozi alirudi ndani kwa mteja wake.

"Tangu lini?" mwanawe wa kiume aliuliza.

"Nilidhani ni taa." Mzee alikohoa. "Kila ilivyozidi kufifia nilisema ni taa. Hata ile kadi yako ya betri, mama, asubuhi niliiona. Niliona kadi. Maandishi sikuyaona."

"Na yule mbuzi?"

"Ilikuwa ndoo ya mtu."

Mwenye mgahawa alikuwa amesimama na kikombe chake kitupu. Alisubiri kadiri adabu ilivyomruhusu, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, Mzee, tupakie?"

Mzee alimgeukia kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo.

"Sharti lilikuwa taa," alisema. "Taa imefaulu. Aliyeanguka mtihani ni mimi, na mimi siuzwi."

Mwenye mgahawa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema hata ukuta wake usingemhimili. Akakunja mablanketi yake, akaaga kila mtu kwa zamu. Kabla hajaondoka alimuuliza Mama Cheche kama anaweza kuitazama taa moja ya gari lake, ya kushoto, inayowaka inapotaka. Ilikuwa ni waya unaofungwa kwenye chuma, umelegea. Alimfungia pale pale.

Jumatatu, kaka yake anachomelea mahali pa abiria kukanyagia, kulia na kushoto. Pikipiki hiyo haikuwahi kuwa na sehemu ya abiria, ilikuwa na kichanja cha mkoba wa Mzee tu. Cheche zinaruka sakafuni, Mama Cheche anaziba macho kwa mkono na kumwambia asimuunguzie waya zake. Kaka anajibu kwamba akiziunguza atampigia simu panya.

Tandiko la nyuma linashonwa kwa jirani, mshona viti. Alhamisi kuna daktari wa macho katika hospitali ya upande wa pili wa mji, na Mama Cheche amekwishaulizia: mgonjwa anatakiwa kufika mapema, na wengine hupasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo wakiwa wamefungwa kitambaa jicho moja. Yeye ndiye atakayeendesha. Amefanya mazoezi mara mbili kwenye uwanja wa mfanyabiashara wa mbao, na anakiri kwamba gia bado zinamsumbua.

Mzee amekubali kukaa nyuma, kwa masharti. Hatashikilia kiuno cha mtu, atashika chuma. Na honi ataipiga yeye. Kwa ajili hiyo Mama Cheche ameongeza waya mmoja mrefu, akausokota chini ya tandiko, na kitufe kidogo cheusi kimewekwa mahali mkono wa abiria unapofika.

"Akirudi anaona, ufunguo ni wake," anasema, akikaza skrubu ya mwisho ya kitufe hicho. "Asipoona, nitamzungusha mimi. Nyumba zote anazijua, kila kifuniko cha mita anakijua. Yeye ataniambia kata kushoto, kata kulia, mimi nitakata."

Kutoka mlangoni, baba yake anataka kujua kama kitufe kiko tayari kujaribiwa.

"Bado, baba. Kaa hapo hapo."

"Nimekaa."

"Mikono?"

"Iko mifukoni, mama."

Anageuka na kuhakikisha kwanza. Kisha anafunga waya wa betri, mweusi kwenye chuma, na kumwita aje.